Ruhusa ya Jumamosi

Saa kumi kamili wanawake wa ghala la Mtoni walikung'uta kanga zao, wakasimama mbele ya Leonardi msimamizi na kusema, kama kila siku, "Tunaomba ruhusa." Leonardi akajibu, "Ruhusa. Kesho." Kutoka nyuma ya magunia ya mbata, zile nazi kavu, watu arobaini na mmoja nao wakasema, "Na sie tunaomba ruhusa." Hao Leonardi hakuwajibu, maana hawakuwamo katika orodha yake.

Walikuwamo humo tangu ghala lilipokuwa la pembe za ndovu na la watu. Mfanyabiashara aliyewafungia alikufa kabla hajawauza. Serikali ya Waingereza ilikwisha piga marufuku utumwa miaka ishirini na saba iliyopita, lakini tangazo lilibandikwa upande wa nje wa mlango. Basi waliendelea kupanga magunia na kufagia; hawali, hawazeeki. Mlango ulikuwa wazi kutwa, ila miguu yao iliishia kizingitini mpaka mwenye ghala aseme lile neno. Mfanyakazi mgeni akiuliza, aliambiwa, "Wale ni wa zamani," akapewa kisu cha kazi.

Mwaka huo wa 1949 Yustina, mchambuaji wa mbata aliyetoka Masasi, alimtambua mmoja wao kuwa ni bibi yake mzaa mama. Alimuuliza jina la kijiji, akamuuliza na la mtoto aliyeachwa akinyonya, yote yakaja sawasawa. Bibi alikuwa na miaka ishirini hivi, na ndonya ya mti mdomo wa juu. Yustina alikuwa na thelathini na minane.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mbona umechakaa upesi hivyo?"

Mtoto yule aliyeachwa ndiye Felicitas, mama yake Yustina, ambaye sasa alikuwa kitandani Temeke, hainuki wala hali. Alipopewa habari alisema neno moja tu: "Mlete."

Yustina hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Alikwenda moja kwa moja kwa Nassibu, mjukuu wa yule mfanyabiashara na sasa mwenye ghala, akamkuta barazani na kahawa yake.

"Bwana Nassibu, nimekuja kumwombea bibi yangu ruhusa."

"Mie sikumweka. Aliyemweka ni babu, na babu Mungu amrehemu. Nitamruhusuje mtu nisiyemjua?"

"Magunia anayobeba unayajua?"

Nassibu akaweka kikombe chini. Aibu ilimshika, tusimsingizie. Siku ya pili alikuja ghalani mwenyewe, na kanzu safi, akasimama mlangoni.

"Haya, wote, ruhusa! Kila Jumamosi kuanzia saa sita. Jumatatu saa moja asubuhi muwe hapa. Nani tena atasema sina roho?"

Jumamosi wakatoka. Wa Unyanyembe na wa Nyasa waliulizana njia, wakaona haiishi kwa siku moja na nusu, wakakaa ukutani nje wakiota jua hadi Jumatatu. Bibi aliongozana na Yustina hadi Temeke. Akaketi kitandani, akakipakata kile kichwa cheupe cha Felicitas.

"Umekua," akamwambia.

Felicitas alikula uji bakuli zima. Jumapili alitembea hadi uani, ameshikwa mkono na mama yake. Majirani walikuja kusalimia, nao walibabaika kidogo tu, nani aanze kumwamkia nani. Loo, nyumba ile ilikuwa na furaha! Yustina alipika wali na samaki, akasahau kwenda kanisani.

Jumatatu alfajiri miguu ya bibi iliamka kabla yake ikaelekea Mtoni.

"Usiende, mama," Felicitas akasema.

"Nimepewa mpaka leo, mwanangu."

Felicitas alilia hadi sauti ikakauka. Yustina na bibi yake wakaingia kazini pamoja, na saa kumi akatoka mmoja.

Wiki ile Nassibu alisifiwa msikitini na sokoni kwa wema wake. Yustina alimrudia barazani, akamwambia wazi kwamba ruhusa yenye kikomo si ruhusa. Nassibu alisikitika kwelikweli.

"Yustina, wewe nawe huridhiki!"

"Siridhiki," akasema, "na Jumatatu nitakuja tena." Naye hakukosa hata Jumatatu moja.

Nyumbani Felicitas alikuwa amerudi kitandani. Akisikia mlango, hufumbua macho.

"Leo Jumamosi?"

"Bado, mama. Leo Jumanne."