Ekseli ya Esi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe nne Februari, na Ato Quainoo hakukubali hata mara moja kwamba siku hiyo iliangukia tu kwa bahati. Jumanne, pale Mpoanokrom, bahari hupumzika. Mitumbwi hulala mchangani, na ni mwiko kuzua ugomvi ufukweni. Wakubwa wa baraza la mji walilijua hilo kama wanavyojua njia ya mdomoni. Wakaja na lori, vijana wenye glavu na kipaza sauti, wakazoa vyuma vyote vya uwanja wa mazoezi nyuma ya banda la barafu. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu waliuma midomo wakatazama.

"Wametufunga mikono kwa mwiko wetu wenyewe," Ato alisema, na akazidi kulisema kwa aliyemuuliza na asiyemuuliza.

Kwa macho ya baraza, vyuma vile vilikuwa takataka: madebe ya rangi yaliyojazwa saruji, minyororo ya nanga, na ekseli ya lori iliyovishwa debe kila ncha. Ekseli ilikuwa ya Esi, mke wa Ato. Aliuza dokono, madonge ya mahindi yaliyochachuka, akisonga unga kwenye sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea, na bado kila alfajiri alikuja uwanjani kunyanyua. Wanawake wa soko walianza kwa kumcheka. Kisha wakaona mikono yake ilivyokaa ndani ya blauzi yake ya Jumapili, imekazika, haina kinachoning'inia, wakaanza kuja mmoja mmoja. Ekua Badu, muuza samaki wa moshi, alikuja kwa sababu alichoka kupunga leso kanisani huku nyama ya mkono nayo ikipunga kivyake.

"Msijisifu kwa kupandisha," Esi aliwaambia. "Kupandisha hata mlevi anapandisha. Teremsha polepole. Mkono unajengwa hapo."

Esi alikufa msimu wa dagaa, kabla lori lile halijaja. Gari la wagonjwa lilikuwepo, ila halikuwa na mafuta. Mafuta yalikuwa yamekwenda na wakubwa kwenye mazishi ya mtu wao. Tangu hapo Ato ndiye aliyewasimamia wanawake wale, akatumia maneno ya Esi, na hakwenda makaburini. Makaburini kuna jina lake tu. Kwenye ekseli kulikuwa na mahali palipong'aa, palipolainishwa na viganja vyake, na hapo ndipo Ato alipoishika kila alfajiri.

Sasa uwanjani pale baraza lilisimika mashine za mazoezi, za njano na kijani, zikazungushiwa uzio na kupigwa kufuli. Ilisemwa waziri angekuja kukata utepe. Utepe ulipigwa na jua, ukapigwa na mvua, ukawa kama utumbo wa kuku. Waziri hakuja. Wanawake walipita nje ya uzio wakizitazama mashine kama watoto wanaotazama nyama ya wageni.

Ato alikwenda ofisini akaambiwa kesho. Akaenda tena, akaambiwa mkuu yuko semina. Nyumbani alijaribu kunyanyua ndoo za maji, lakini ndoo ilimwagika, na hasira yake ikamwagika nayo. Akaacha. Mvua kubwa zilipoanza, shati lilikuwa limeanza kumpwaya mabegani.

Hatimaye Ekua alimletea habari. "Egya Ato, baba, ekseli ipo! Nimeiona kwa macho yangu nyuma ya ofisi, imeegemea choo chao."

"Choo?"

"Choo, Egya. Twende kabla sijachoma mtu."

Waliikuta kweli. Amissah, mkuu wa usafi wa mji, alitoka akifuta mafuta ya samaki mdomoni, walinzi wawili nyuma yake.

"Mzee wangu, umerudi tena? Utatuzalia hapa."

"Nataka chuma cha mke wangu."

"Una risiti?"

"Ulishaona wapi risiti ya lori lililokufa njiani?" Ekua akadakia. "Wewe mama yako alipokuzaa alipewa risiti?"

Walinzi wakacheka. Amissah hakucheka, maana walicheka walinzi wake. Akaitazama ekseli, akamtazama Ato kuanzia kandambili hadi kichwani.

"Haya. Mimi si mtu mbaya. Watu wa vyuma hawajulikani kwa risiti, wanajulikana kwa mkono, au siyo? Inyanyue, uibebe mpaka getini, ni yako. Ukishindwa, leo hii inakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na sitaki kukuona tena."

Ato hakungoja aseme mara mbili. Aliinama, viganja vikapapata mahali palipong'aa, akavuta. Ekseli ilitoka ardhini. Ikafika magotini, ikafika kiunoni. Ekua akapiga kelele, "Egya! Egya!" Mlinzi mmoja alikuwa ameshatoa simu anapiga picha.

Hatua ya kwanza aliiweza. Ya pili mikono ilianza kutetemeka, kwanza kidogo, kisha kama ya mtu mwenye homa. Getini palikuwa hapo karibu, hata mtoto angeparukia.

"Mzee, chuma kinakubeba wewe!" mlinzi akapayuka.

Ekua alirukia ncha moja. Amissah akamzuia kwa mkono wenye saa. "Aa-aa, mama. Mmoja tu. Makubaliano ni makubaliano."

Ekseli ilimponyoka. Debe moja lilipasuka, saruji ikatawanyika mpaka kwenye viatu vya Amissah, naye akaruka nyuma akitukana. Ato alibaki ameinama, akihema, akitazama mikono yake mwenyewe kama mali ya mtu mwingine. Asubuhi ya tarehe tatu Februari mikono hiyohiyo ilikuwa imeipandisha ekseli hii mpaka juu ya kichwa, na kuiteremsha polepole, wanawake wakihesabu kwa sauti.

Alijinyoosha. Sauti ilipomtoka haikuwa ya kuomba.

"Mmechukua chuma, mkono umenyauka. Mmeweka mashine, mmezifungia. Leo mnaniambia chuma nikikomboe kwa mkono. Haya, wewe uliyesoma, nifundishe mimi nisiyesoma: hiyo nguvu nikaichukue wapi?"