Sanda ya Pandeli

Siku ya mwisho ya ziara, saa tatu asubuhi, basi lilisimama karibu na Lango la Yafa la mji mtakatifu, na mahujaji kutoka kisiwa cha Kigiriki cha Limno wakateremka kununua ubani na rozari za kuwapelekea jirani. Saa nne na nusu walipaswa kuondoka kwenda uwanja wa ndege. Mitri, kiongozi wao wa ziara, kijana wa Beit Sahur aliyesomea Kigiriki Thesaloniki na kujivunia kukisema kuliko wenyewe, alihesabu vichwa. Kimoja kilikuwa hakijateremka.

"Bi mkubwa wako yuko kule nyuma," alisema Abu Hatem, dereva, huku akitafuna mkate wa ufuta. "Alipigiwa simu tulipotoka hotelini. Tangu hapo kimya. Nenda wewe, bwana mkubwa wa Kigiriki. Mimi yangu ni usukani."

Mitri alijua ni nani. Siku tano nzima alikuwa akimkwepa mama yule. Akimwona mezani, yeye alihamia meza nyingine.

Mama Stamatia alikuwa na magoti mabovu. Siku waliyozuru Kanisa la Kaburi Takatifu alibaki ndani ya basi, akamkabidhi Mitri sanda ya mumewe, Pandeli, aliyekuwa hoi kitandani huko kisiwani. Ndivyo wafanyavyo mahujaji wa kwao: huja na sanda zao, wakazitandaza juu ya jiwe ambapo mwili wa Bwana ulilazwa ukapakwa manukato, kisha wakarudi nazo na kuzitunza kabatini hadi siku yao ifike. Jiwe lile halikauki mafuta ya waridi ambayo watu hulimwagia. Kitambaa kikiligusa, hunukia miaka.

Mitri aliitia sanda mkobani. Lakini kwenye foleni ya Kaburi, kiongozi wa kundi jingine alipenyeza watu wake mbele, na damu ikamchemka Mitri. Wakatupiana maneno nusu saa. Akashinda. Akatoka kanisani kifua mbele, watu wake wakimpigia makofi, na alipolikaribia basi akaona mikono miwili imenyoshwa dirishani. Hapo ndipo alipoukumbuka mkoba.

"Umeiweka, mwanangu?"

Angesema hapana. Lakini mbele ya watu waliokuwa wakimshangilia, aliona aibu. "Tayari, mama. Ngoja niikunje vizuri, nitakuletea hotelini." Akapitia dukani, akanunua kichupa cha mafuta ya waridi, akaidondoshea sanda. Jioni ile mama alizamisha uso ndani ya kitambaa, akalia kwa furaha. Mitri hakuweza kula.

Sasa alimkuta amekaa wima, sanda mapajani.

"Pandeli amefariki alfajiri," alisema. "Nimewaambia wasimzike mpaka nifike na hii. Jana nilimwambia kwenye simu, imelala palepale alipolala Bwana. Binti yangu anasema alitabasamu. Mungu akuweke, Mitri. Bila wewe ningempelekea nini?"

Akaushika mkono wake ili aubusu. Mitri aliuvuta kama aliyeguswa na kaa la moto.

"Usinibusu, mama. Sikuiweka."

"Hukuiweka nini?"

"Sanda. Niligombana na watu, nikasahau. Haya mafuta nilinunua dukani."

Abu Hatem hakujua Kigiriki, lakini aliacha kutafuna.

Mama Stamatia aliinua kitambaa hadi puani, akanusa, akakishusha taratibu.

"Nimemdanganya mtu anayekufa," alisema. "Kwa mdomo wangu huu. Miaka arobaini na nane sikuwahi kumdanganya hata kuhusu chumvi ya mchuzi."

"Nipe, mama, nikimbie. Dakika kumi kwenda, kumi kurudi."

"Nikupe wewe? Safari hii utaipitisha wapi, sokoni kwa samaki?"

"Basi nikubebe mgongoni."

"Kitambaa tu kilikushinda, utaniweza mimi?"

Akasimama. Akateremka basini kwa kushikilia viti, akaingia langoni. Vichochoro vya mji ule vimejaa ngazi, na kila ngazi aliishuka kwa miguu yote miwili, akitulia, akivuta pumzi. Mitri alimfuata hatua mbili nyuma. Wauza viungo walimwita kwa jina, wakamtania kwamba leo kiongozi anaongozwa. Siku nyingine angewajibu. Leo kila ngazi ilimchoma yeye, na alitamani mama ageuke amtukane. Hakugeuka.

Kwenye kona ya mwisho walikutana na Padri Averkio, mkuu wa msafara, kapu la ubani mkononi.

"Mitri! Ndege haitatungoja. Mnakwenda wapi?"

Uongo mwingine ulikuwa tayari ulimini, mzuri, umepambwa: mama anataka kuaga kanisa. Mahujaji walikuwa wamemzunguka padri, walewale waliompigia makofi.

"Nilimdanganya, padri. Alinipa sanda ya mumewe, sikuiweka kwenye jiwe, nikamwambia nimeiweka. Mumewe amefariki leo."

 Padri akawageukia watu. "Nendeni basini. Ndege ikituacha, imetuacha."

Jiwe liko pale pale ukiingia mlangoni mwa kanisa. Mama Stamatia alipiga magoti mwenyewe, uso ukimkunjamana kwa maumivu, akaitandaza sanda yote, akalaza shavu juu yake. Midomo yake ilicheza. Mitri alisimama mbali, kwenye nguzo, mikono ikimning'inia.

Mama aliposimama, sanda ilikuwa imelowa mafuta, nzito, ndefu kumpita mwenyewe. Alijaribu kuikunja peke yake, ikamponyoka. Mwanamke mmoja mgeni akajitokeza kumsaidia. Mama alimzuia kwa kutikisa kichwa.

"Wewe," alimwambia Mitri. "Shika ncha hizo. Ikigusa chini, sitakusamehe."

"Utanisamehe isipogusa?"

"Shika."

Alishika. Wakaikunja mara moja, wakasogeleana. Wakaikunja tena, mpaka vidole vyao vikagusana, vyote vikiteleza kwa mafuta. Mama akaitazama kazi yake.

"Imekwenda kombo," alisema. "Kunjua. Tuanze upya."