Magunia Arobaini na Moja

Jerotich alikuwa amepiga magoti mtaroni, anang'oa majuala ya plastiki yaliyogandamana na tope, Nyongesa aliposimama na reki yake na kupaza sauti, "Lori hilo! Limekuja!"

Watu kumi na wanne walishangilia. Jumamosi sita mfululizo walikuwa wamesafisha kiwanja hiki cha mtaa wa Section 58 bila kulipwa: daipa, vioo, chupa, magodoro yaliyooza. Magunia arobaini na moja yalipangwa kando ya barabara, yananuka, na kila wiki kwenye ofisi ya kaunti waliambiwa lori la taka liko njiani.

Jerotich alishangilia kuliko wote. Kazi yake ni kufulia watu nguo, na msimamizi wa nyumba za kupanga anakokaa alikuwa amemkataza kuanika za wateja. "Kamba ni za wapangaji, si za biashara." Wateja wawili walishamhama kwa kurudishiwa nguo mbichi. Ndiyo maana kikundi kilikubaliana: kiwanja kikisafishika, kona ya ukutani ni yake ya kuanikia. Leo alikuja na kamba mpya, na beseni la shuka za Mama Wangeci alizozifua alfajiri.

Lori likarudi kinyumenyume, likafunguliwa. Halikuja kuzoa taka: lilikuwa na nguzo za mbao, misokoto ya seng'enge na vibarua wenye sepetu.

Mwanamume mwenye faili, karani wa ofisi ile ile, akashuka, viatu vikimetameta. "Kazi safi sana, wananchi. Sasa mtupishe."

"Tumpishe nani?" Nyongesa aliuliza.

"Mwenye ploti."

"Alikuwa wapi miaka kumi na moja, panya wakizaana hapa?"

"Boss, hii mambo iko ofisini. Uko na swali, kuja Jumatatu na barua."

"Barua?" Trizah, mwenzao, alidakia. "Tumewaletea sita za kuomba lori! Mlizisoma ama mlifungia njugu?"

Kibarua mmoja alicheka, mwenye faili akamkazia macho.

"Mathe, chunga mdomo," mwenye faili alimkaripia mama huyo, "ama niite askari?"

Vibarua wakaanza kuchimba, na shimo la kwanza likawa pale pale, kwenye kona ya Jerotich. Sepetu ya pili ilimwaga udongo ndani ya beseni lake alilokuwa ameliweka hapo.

"Pole, mathe," kibarua alinong'ona. "Ni kazi tu."

Jerotich alizitazama shuka, nyeupe zikigeuka kahawia. Kisha akayatazama magunia. Miaka yote ile, kiwanja kikinuka, hakuna aliyekitaka. Ni wao waliokifagia kwa mikono yao, wakakipamba, mpaka kikavuta macho ya mwizi.

Akaenda barabarani, akaburuta gunia.

"Hilo peleka mbali kidogo," mwenye faili alimwelekeza.

Jerotich alilifikisha shimoni, akakata kamba iliyolifunga kwa meno, akaliinamisha. Daipa, vioo na uvundo wa wiki sita vikaporomoka, shimo likajaa pomoni. Kibarua akaruka nyuma, ameziba pua.

"Wewe mama una wazimu? Toa hiyo taka!" mwenye faili alifoka.

Jerotich alilikung'uta gunia mpaka likabaki tupu.

"Andika barua, boss. Uilete Jumatatu. Wakikwambia lori liko njiani, ungoje, kama sisi."

Mwenye faili alitoa simu, akaanza kutafuta namba ya askari. Nyongesa akaiangusha reki na kushika gunia la pili. Trizah alikuwa ameshafika kwa la tatu.