Nakala ya Mkunga

Mkunga alikuwa ameketi ndani ya gari lake, mlango wazi, mguu mmoja nje, akitafuta bei za bima kwenye simu. Bima ya zamani ilikuwa inakaribia kuisha, na gari hilo, kuukuu, lenye mlango wa nyuma uliofungwa kwa waya, ndilo lililomfikisha kwa wanawake wanaojifungulia majumbani. Dada yake alikuwa uani anaanika nguo. Kampuni iliyojitokeza juu kabisa iliahidi kumlinganishia bei zote za mjini kwa mkupuo mmoja, mradi ajaze kwanza: jina, namba ya simu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya gari, ameolewa au hajaolewa.

Mkunga hakupenda kujaza. Alipomkimbia mumewe alibadilisha namba ya simu, akahama mji, akawaomba majirani wa kule wasimtaje hata kwa salamu. Lakini bei isingetokea mpaka nafasi zote zijazwe, na kulikuwa na mama anamsubiri. Akajaza. Kwenye ndoa akasita, kisha akaandika kwamba ameolewa, kwa sababu talaka hakuwahi kupewa.

Kabla hajaiweka simu mfukoni, kofi lilimshukia shavuni.

Ndani ya gari hapakuwa na mtu mwingine. Kichwa kiligonga kioo, na alama za vidole zikaanza kuvimba. Dada aligeuka na kibanio cha nguo mdomoni, akamtazama, akakitoa.

"Umewapa namba yako?"

"Nimewapa."

"Na jina la kweli?"

"La kweli."

Dada alibana shuka kwenye kamba. Akamwambia angewapa la uongo, kama alivyofanya yeye alipotafuta bima ya pikipiki. Tangu hapo kuna mtu asiyekuwepo anayepigwa mtaa mzima, na haumii. Mkunga alijibu kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Akafunga mlango, akawasha gari.

Siku ile simu haikutulia. Waliopiga walimwita kwa jina lake, wakamuuliza hali ya familia, wakamsifia gari, na hakuna aliyetaja bei. Kila mmoja alipokata, pigo lilifuata: konzi utosini, ngumi chini ya mbavu, kidole kilichobonyezwa jichoni na kuzungushwa taratibu, kama mtu anayejaribu kama kitu ni kibichi. Jioni alitema jino kwenye sinki. Dada alilifunga ndani ya karatasi, akasema jirani yao mwalimu alitafuta bima ya gari mwaka jana na hadi leo anatembea ameinama. Zahanati wamemwandikia kwamba alianguka, kwa kuwa kwenye kadi yao hakuna mahali pa kuandika vinginevyo.

Asubuhi Mkunga alikwenda kwenye ofisi ya kampuni kuomba wamfute.

Ilikuwa ofisi safi, yenye maua ya plastiki na feni isiyopiga kelele. Wakala alikuwa msichana mwenye adabu, wa kusimama mgeni anapoingia. Alimpa shikamoo, akamvutia kiti upande ambao jicho lake zima lingeona vizuri. Mkunga alipomweleza shida yake, msichana alitikisa kichwa kwa huruma, akasema wao hawafichi kitu, karibu chumba cha nyuma ajionee mwenyewe.

Chumba cha nyuma kilikuwa na mabenchi, na kwenye mabenchi waliketi watu. Walikuwa nakala za wateja, wembamba na hafifu, kwa kuwa walitengenezwa kwa yale tu waliyojaziwa. Mzee mmoja alikuwa na jina na gari lakini hana miguu. Mwalimu jirani yao alikuwepo, amepauka kwa kuguswaguswa. Mwanamume aliyevaa shati lililonyooshwa vizuri alikuwa anapita kati yao akiwagonga vifua kwa vifundo vya vidole na kutega sikio, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Aliyempenda alimpiga tena, kwa nguvu zaidi.

"Mnunuzi ana haki ya kujua kama mali ni ya kweli," wakala alieleza.

Nakala ya Mkunga ilikuwa mwisho wa benchi la dirishani. Umbo lilikuwa lake, bega moja juu kidogo kuliko jingine, ila usoni palikuwa patupu kama yai, maana picha hakuwa ameombwa. Mkunga alimtazama akaona haya, kama aliyemkuta ndugu yake uchi. Akasema anataka kumchukua sasa hivi.

Inawezekana kabisa, wakala alisema. Lakini hawawezi kumkabidhi mtu kwa yeyote anayejitokeza. Itakuwaje kama mwombaji ni tapeli? Kwa ajili ya usalama wake mwenyewe inabidi athibitishe kwamba yeye ni yeye. Basi Mkunga akatoa kitambulisho. Akapigwa picha, mbele na ubavuni. Akataja jina la mama yake, mtaa anaokaa, rangi ya mlango, magonjwa aliyowahi kuugua, jina na kazi ya mumewe. Kila alipojibu, nakala ilizidi kujaa. Pua ikatokea, kisha midomo, kisha kovu la kwenye nyusi. Alipolitaja jina la mume, nakala ilifumba macho.

Wakala alimshukuru. Ombi lake litashughulikiwa, alisema, na kwa sasa arudi nyumbani apumzike.

Mume wa Mkunga aliitwa Mpole tangu utotoni. Alikuwa fundi vioo, mtu wa sauti ya chini, anayeinama akisalimia. Watu walimpenda, na waliposikia kelele nyumbani kwake walidhani ni vioo vinavunjika, na mara nyingine vilikuwa vioo kweli. Kila alipotaka kumpiga mkewe alianza kwa kumwomba radhi. Jina lake lilipoingia kwenye mitambo ya kampuni, mitambo ilimjulisha kwamba kuna mali inayoweza kumfaa. Alinunua siku hiyohiyo.

Mkunga alijua wiki hiyo hiyo, akiwa kazini. Mama aliyekuwa anajifungua alikuwa mshonaji, mimba yake ya kwanza, amelala kwenye godoro katikati ya vitambaa na cherehani mbili. Mtoto alikuwa karibu. Mkunga alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja tumboni kwa mama, aliposikia sauti sikioni mwake, ya chini, ya upole.

"Samahani, mke wangu."

Kofi lilikuja kwanza, pole pole, kama mtu anayepangusa kioo kabla ya kukiweka. Kisha ngumi. Ubavu ulilia ndani yake kama kijiti kikavu. Alianguka kiubavu kwenye vitambaa, akainuka, akafuta damu ya pua kwa bega ili mikono ibaki safi.

"Wamekuuza?" mshonaji aliuliza.

"Wameniuza."

"Kwa nani?"

"Kwa mwenyewe."

Mshonaji alimnyooshea mkono. Kuanzia hapo wakawa wanapokezana. Uchungu ulipomkamata mama, Mkunga alimshikilia na kumwambia apumue, asikaze koo. Uchungu ulipopoa, vipigo viliingia, na mama akawa anamshikilia Mkunga na kumwambia maneno yaleyale. Mara moja vyote viwili vilikuja pamoja, na wanawake wawili wakapiga kelele moja, kichwa cha mtoto kikatoka. Alikuwa msichana, mwenye nywele nyingi. Mkunga alimkata kitovu akiwa na vidole viwili vilivyovunjika, akavifunga baadaye kwa kipande cha kitambaa cha mapazia.

Kituo cha polisi walimsikiliza vizuri. Afisa aliuliza kama mtuhumiwa amemgusa. Hakumgusa, Mkunga alisema. Je, hiyo nakala aliyo nayo nyumbani ameiiba? Hapana, ameinunua. Afisa aliiweka kalamu chini, akamwambia kama mama yake mzazi angemwambia: sheria haimzuii mtu kupiga kilicho chake.

Nyumbani, dada alimfunga mbavu kwa khanga akamwambia wakaichukue nakala wenyewe. Mkunga alisema atakwenda peke yake, kwa kuwa gari linamtii yeye tu. Dada alimpa mchi wa kutwangia.

Nyumba ya Mpole, kule mji alioukimbia Mkunga, ilikuwa nyuma ya karakana yake. Mchana ule karakana ilikuwa imefungwa, na Mkunga aliliingiza gari uani kwa geti lililokuwa wazi, akaingia ndani kwa mlango wa jikoni, ambao kitasa chake kilikuwa kibovu tangu enzi zake. Nakala ilikuwa imeketi kwenye kigoda pembeni ya jiko. Mdomo ulikuwa umepasuka pale ambapo wa Mkunga ulipasuka, vidole vilevile vimevimba.

"Inuka twende," Mkunga alisema.

Nakala ilitaja tarehe yake ya kuzaliwa, kisha namba ya gari. Ilijua kila alichoulizwa Mkunga, na zaidi ya hapo haikujua kitu. Haikujua jina la mtoto hata mmoja kati ya wale aliowapokea, maana hakuna aliyeuliza. Haikujua mlango. Ilikuwa imekaa hatua chache tu kutoka ulipo, siku zote hizo, ikipigwa, bila kujua kwamba nyumba zina pa kutokea.

Mkunga aliishika mkono. "Huu unaitwa mlango," aliiambia. "Hiki kitasa. Unakizungusha hivi. Huko ni nje."

Nakala ilikizungusha. Ikakizungusha tena, ikitazama.

Walipogeuka Mpole alikuwa amesimama uani, amebeba kioo kipana cha dirisha mbele ya kifua chake, na nyuma ya kioo uso wake ulikuwa mtulivu. Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Samahani, mke wangu," alisema, bila kuamua ni yupi.

Aliegemeza kioo ukutani, akampiga aliyekuwa karibu. Wote wawili wakaanguka. Mkunga alionja udongo, akauona mchi karibu na uso wake, akaushika kwa mkono usiovunjika. Hakuwa amewahi kumpiga mtu. Kazi yake yote ilikuwa kuwatoa watu salama. Aliupiga mkono wa kulia wa Mpole alipouinua, na mfupa ukatoka nje ya ngozi, mweupe. Mpole alirudi nyuma akiwa anaomba radhi, akakigonga kile kioo kwa mgongo. Kilimwangukia kwa vipande. Nakala ilikaribia, ikaokota kipande kirefu, ikakichomeka kwenye paja la mwanamume yule na kukizungusha, kwa makini, kama ilivyofundishwa kitasa.

"Basi," Mkunga alisema. "Inatosha."

Mpole alikuwa amelifunga geti alipoingia, hivyo Mkunga aliipakia nakala, akaling'oa kwa gari.

Nakala ilikaa nao. Dada aliitafutia gauni, akaifundisha kumenya viazi na kucheka. Ilipojikata, Mkunga alivuja damu, na Mkunga alipolala vizuri, nakala nayo iliamka mapema ina nguvu. Mkunga alikuwa akiisimulia habari za watoto aliowapokea, mmoja mmoja, nayo ikayarudia majina kwa sauti.

Kisha wakala alipiga simu. Alianza kwa pole. Alisema bei ya bima imepatikana hatimaye, ingawa imepanda, kwa kuwa gari limegonga geti na mwenye gari ni mtu anayepigwa mara kwa mara, jambo ambalo ni hatari barabarani. Mkunga alikubali, kwa sababu kuna mama mwingine alikuwa anamngoja. Pia, wakala aliendelea, kumekuwa na lalamiko kutoka kwa mteja kwamba mali yake imetoweka. Kampuni inajali wateja wake. Leo asubuhi wamempelekea nyingine, bure.

Mkunga alishukuru, akakata. Akakaa sakafuni kabisa, asije akaanguka, na nakala ikaketi kando yake. Kofi lilipofika liliwapata wote wawili, shavu la upande usio wa kawaida.

"Anatumia mkono wa kushoto," Mkunga alisema.

Nakala ilijipangusa mdomo kwa pindo la gauni. Ilifikiri kidogo, jambo ambalo ilikuwa imelianza karibuni.

"Yule hajui mlango," ilisema. "Mimi naujua."

Ikainuka, ikatafuta viatu. Mkunga alichukua funguo za gari. Dada aliwafungulia, akawatazama mpaka wakakata kona, kisha akaenda kwa mwalimu kuazima godoro jingine.