Bonoko ya Dalmas

Wacha niseme hii kitu kabla haijanikaba. Shiundu, yule afisa wa upelelezi aliyempiga mwanangu Dalmas risasi hapa mtaani kwetu Gatwekera, siku hizi ni staa wa televisheni. Na anaigiza nani? Afisa wa upelelezi, tena mwema! Mabinti wa maghorofa ya Nyayo Highrise ninaowafulia nguo wanamwita baby. Ptu!

Walisema Dalmas alikutwa na bastola. Bonoko ilikuwa, ile bunduki ya bandia wanayokuwekea ukishakufa. Miaka sita nimetafuta mtu mmoja tu wa kusema hivyo mbele ya watu. Majirani waliona, lakini nani ana roho ya kumtaja Shiundu?

Mwezi jana nikasikia wanarekodi kipindi chake mtaa wa Kawangware, wanataka akina mama wa kulia kando ya maiti. Nikaenda. Kulia najua.

Kijana wa kuigiza akalazwa chini, bunduki mkononi. Shiundu akaja na koti lake refu. Hakunitambua, mshenzi huyo. Nikamkamata kola.

"Dalmas alikuwa ameshika nini? Sema! Mimi ni mama Dalmas, wa Gatwekera!"

Akanitazama, midomo ikaanza kumtetemeka.

"Chapati," akasema polepole. "Alikuwa ameshika chapati, mama. Bonoko ilitoka mfukoni mwangu."

Chapati. Mimi ndiye niliyemtuma akainunue. Moyoni nilisema, asante Mungu, imesemwa.

Halafu watu wakapiga makofi! Muema, yule mwongozaji wao, akaja akipangusa macho. "Wueh, mmeniua! Lakini Shiundu, hiyo haiko kwa script. Hapa wewe ni karao mzuri, polisi mwema. Turudie."

"Amesema ukweli!" nikapiga kelele. "Si mmesikia wote?"

"Hivyo hivyo, mama. Hiyo hasira usiipoteze."

Nikakubali kurudia, mjinga mimi, nikidhani atasema tena. Shiundu alipanguswa jasho, akapakwa poda, akanywa maji. Nikamkamata kola, nikamuuliza vilevile. Safari hii midomo haikutetemeka.

"Pole, mama. Mwanao alichagua njia mbaya."

Hiyo ndiyo iliyoonyeshwa Jumapili. Ile ya kwanza Muema anasema walifuta. Ploti nzima, wapangaji wote, ilijazana kwa jirani yangu Nereah kuniangalia, na wote wakasema nimelia vizuri sana.