Majina ya Watazamaji

Ketsia, mwanafunzi aliyekuwa akiandika tasnifu, alimlaumu Profesa Honoré. Zamani wasomi walichunguza tamthilia yenyewe: nani kaiandika, nani kaigiza. Siku hizi fasheni ni kuchunguza watazamaji, na profesa, bendera kufuata upepo, hakumtaka mtazamaji asiye na jina.

"Jina, avenue, kabila. Bila hivyo, mémoire yako si kitu."

Basi akaandika. Watu arobaini na mmoja, Wahema na Walendu, waliokuwa wakibanana sebuleni kwa mzee Alphonse, mtaani Mbunya, kutazama tamthilia kwenye televisheni. Vita vya makabila hayo mawili vilipowatawanya, Ketsia aliwatafuta mmoja mmoja, akaandika na mahali walipojificha. Alimkosa mmoja tu: Vital, fundi redio, aliyependa kukaa karibu na mlango.

Mchana huo, akirudi nyumbani mtaani Shari, alikuta bariere, kizuizi cha barabarani ambacho asubuhi hakikuwepo. Wanamgambo walikuwa wakimwaga mikoba ya watu chini. Mbambu, muuza maandazi wa pale kona, alimwita kwa sauti ndogo.

"Dada, weye iko na makaratasi? Wanasoma yote. Walipata mutu na liste ya kanisa, wakaenda naye."

Miaka miwili ya kazi! Ketsia aliinama, akararua kurasa zote za majina kutoka daftari lake, akazisukuma motoni chini ya kikaango. Roho ilimuuma, asikudanganye mtu. Mbambu alichochea kuni, akageuza maandazi yake.

Kwenye bariere, mwenye bunduki alifungua daftari, kisha akainua uso.

"Ketsia wa mémoire!"

Alikuwa Vital. Alicheka kama zamani, ila macho hayakucheka.

"Ulinitafuta?"

"Nilikutafuta sana."

"Basi andika jina yangu." Ketsia akaandika. "Sasa andika ya wale wengine wa kwa muzee Alphonse. Na kwenye kila mutu anakaa."

Huenda aliwakumbuka kwa upendo. Huenda. Chini ya jina la Vital, Ketsia akaandika lake mwenyewe, na avenue yake, na namba ya nyumba. Akapiga mstari.

"Wengine sikuwaona."

Vital alivitazama vidole vya Ketsia, vyeusi kwa masizi. Kisha akaurarua ukurasa, akaukunja, akautia mfukoni.

"Pita," akasema.

Ketsia hakulala kwake tena.