Naitrasi Kwenye Gari la Mke Wangu

Mke wangu alinipa ufunguo wa gari lake kwa sharti moja, na alilitamka mbele ya kaka yake ili nisije nikaligeuza baadaye.

"Giaboksi ikifa, masomo yako ya jioni yamekufa nayo. Utashona viatu vya watu mchana, jioni utakaa nyumbani kama waume wengine."

"Amina," akasema shemeji, mkate umemjaa mdomoni.

Mimi sikuitikia amina. Nina miaka hamsini na mbili, na huu ni mwaka wangu wa pili katika darasa la ufundi wa magari, Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na mbili hadi saa mbili. Nilikuwa nikilitamani darasa hilo tangu ujana. Nikiingia mle nikasikia harufu ya oili na chaki, moyo wangu hutulia kama mtu aliyewahi ibadani akapata kiti cha mbele. Naweza kuvumilia kunyimwa mengi. Si hilo.

Wazo la gesi lilikuwa langu. Mwalimu alitutaka kila mmoja achague kazi ya vitendo, wenzangu wakachagua breki na radieta. Mimi nikanyoosha mkono nikasema naitrasi, yaani ile gesi inayoingizwa kwenye injini ili ichome mafuta mengi kwa mara moja na gari lipate nguvu za ghafla. Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo naitwa Babu Naitro.

Mwalimu, binti wa rika la mwanangu wa kwanza, hakucheka.

"Gari gani, mzee?"

"La mke wangu. Otomatiki."

"Giaboksi ya kiwandani? Haijafunguliwa?"

"Ilivyozaliwa, ndivyo ilivyo."

"Basi injini itafurahi na giaboksi italia," akasema. "Ndani yake kuna sahani nyembamba zinazobanana ili gia ishike. Ukizipa nguvu ambazo hazijazizoea, zinateleza. Zikiteleza, zinaungua. Kwa hiyo tutatia kidogo, nguvu za farasi thelathini na tano tu. Na gesi isitoke wakati gia inabadilika. Umenisikia, mzee? Gia ikibadilika, gesi inyamaze."

Niliandika kwenye daftari, nikapigia mstari mara mbili.

Kazi ilinichukua majuma matatu. Nilimwaga oili yote ya giaboksi nikatia mpya, na nyuma ya bampa nikafunga radieta ndogo ya kuipoza. Nikabadilisha plagi. Mtungi wa buluu nikaulaza kwenye buti na kuukaza kwa mikanda ya chuma, bomba lake nikalipitisha chini ya sakafu hadi kwenye injini. Waya za swichi nilizifunga kwa kufuata mchoro wa ubaoni, mstari kwa mstari. Sikukaza hata boliti moja bila kuiombea.

Mke wangu ni muuguzi kwa daktari wa meno. Siku moja alisimama nyuma yangu na kikombe cha chai, akausoma mtungi.

"Hii si ile gesi tunayowavutisha wagonjwa wanaoogopa kung'olewa jino? Ya kuchekesha?"

"Ni ya ukoo huohuo."

"Basi gari langu litacheka," akasema, akaenda zake huku mabega yakimtikisika.

Jumamosi asubuhi tukakutana kwenye uwanja wa lami nyuma ya maghala, mahali ambapo Mwalimu alikuwa ameombea ruhusa. Akapanga koni, mita mia nne kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikafungua mlango wa dereva. Mke wangu akanipita, akaketi yeye, akafunga mkanda.

"Gari la nani?" akauliza.

"Lako."

"Haya, sogea."

Mzunguko wa kwanza ulikuwa bila gesi. Shemeji alishika simu ya kupimia muda: sekunde ishirini. Kisha nikafungua mtungi, nikawasha swichi ya dashibodi, nikasogea pembeni na kufumba macho. Nikasikia gari likiondoka. Nikasikia likienda. Nikasikia likifika.

"Ishirini na moja!" akapiga kelele shemeji. "Shemeji, umeongeza abiria! Huo mtungi umepewa lifti tu! Watu wanasema haraka haraka haina baraka, wewe ukaenda kuinunua haraka yenyewe, nayo wamekuuzia isiyofanya kazi!"

Nikainamisha paji la uso juu ya boneti niombe, nikaruka mara moja, maana boneti ilikuwa ya moto. Shemeji akakaa chini kabisa kwa kucheka.

Mwalimu alichukua tochi, akajilaza chini ya usukani, miguu nje. Baada ya muda akaita.

"Mzee, hii swichi kwenye pedali ya breki ni ya nini?"

"Ni ile ya klachi, Mwalimu. Ulituchorea. Dereva akikanyaga klachi abadilishe gia, gesi inakatika."

"Nilichora, ni kweli. Na gari hili lina klachi?"

Nilihisi masikio yakipata moto kuliko paji la uso.

"Niliitafuta sana," nikasema. "Nilipoikosa, nikaona breki ndiye jirani yake."

Mabega ya Mwalimu yakaanza kutikisika huko chini ya usukani. Shemeji ndiye aliyeuliza swali la maana: "Sasa kama gesi inakatwa na breki, mbona haikutoka kabisa? Dada alikuwa anakwenda mbele, hakuwa anasimama."

Sote tukamtazama mke wangu. Mke wangu akautazama mguu wake wa kushoto.

"Huwa nauweka hapo juu ya breki," akasema. "Kwa tahadhari tu."

"Miaka yote kumi na mmoja ya kuendesha?" nikauliza.

"Umewahi kusikia nimegonga mtu?"

Mwalimu akatoka, akajipangusa vumbi. "Mama, huo mguu umeiokoa giaboksi. Bila huo, gesi ingemiminika gia zikibadilika, na jioni hii tungekuwa tunazoa sahani kwa ufagio."

Najua Mungu ana njia nyingi za kumfikia mja wake, lakini sikujua kwamba hupitia pia kwenye kiatu cha muuguzi. Nikaona bora tuishie pale. Giaboksi ilikuwa hai na masomo yangu yalikuwa hai. Ningefunga mtungi, turudi nyumbani, na Jumatatu nikae kiti changu cha mbele.

Lakini ningekaaje? Ningekuwa mwanafunzi aliyeikimbia kazi ya mikono yake mwenyewe. Nikamwambia Mwalimu, "Nifundishe ilivyo sawa. Nitafunga mwenyewe."

Akatoa kwenye begi lake kisanduku kidogo kinachohesabu mizunguko ya injini. Gesi ingefunguka kwenye elfu tatu na kujifunga kwenye elfu tano, kabla gia haijabadilika. Nilikifunga kwa nusu saa, naye akinitazama bila kunigusia hata waya. Swichi ya breki tuliiacha. Alisema mtu akifunga breki si vibaya gesi ikatike, ila mguu wa mama upumzike. Mke wangu akavua kiatu cha kushoto, akanipa nikishike.

Safari hii sikufumba macho.

Gari liliondoka kwa adabu yake ya siku zote. Kisha kitu kikasema *fyuuu*, pua ikainuka, na gari la kwenda sokoni likatupita kama limesikia jina lake likiitwa. Gesi ikanyamaza. Gia ikabadilika, ikashika. Gesi ikarudi, na juu ya sauti ya injini nikamsikia mke wangu akicheka, kicheko cha msichana ambaye nilimwoa miaka ishirini na sita iliyopita.

"Kumi na saba na nusu!" Shemeji alinikumbatia mimi na kiatu. "Kumi na saba na nusu, Babu Naitro!"

Mwalimu alikuwa ameshika kitambaa cheupe tayari kukagua oili. Akaanza kutembea kuelekea gari. Gari likageuka kule mwisho, likarudi kwa kasi ileile, honi ikilia, likampita.

"Mama! Simama tukague!"

Likageuka tena, likampita tena. Mwalimu akakimbia nyuma yake akipunga kitambaa, shemeji akamkimbilia Mwalimu, nami nikawafuata wote wawili, kiatu mkononi. Mke wangu alisimama pale tu machozi ya kucheka yalipomziba macho.

Injini ikiwa bado inanguruma, Mwalimu akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakifuta kwenye kitambaa, akanipa kitambaa. Nikakifunua. Oili ilikuwa nyekundu safi kama wino wa kusahihishia. Nikainusa. Hakukuwa na harufu ya kuungua. Nikanusa tena, na midomo yangu ilikuwa imeshaanza kushukuru.

"Imekufa?" akauliza mke wangu dirishani.

"Iko hai."

"Basi Jumatatu usichelewe darasani." Akajifuta macho kwa mkono wa gauni, akamgeukia Mwalimu. "Mwanangu, hivi haiwezekani kutia farasi hamsini?"

"Hapana, mama. Giaboksi ni ya kiwandani."

"Na arobaini?"